Siku Nane Rudolstadt, Mji Mdogo Alimoishi Bi Salme

Hotuba kwa walimu wa historia na wanafunzi wao, Mjini Unguja

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi hapa mbele, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana: Assalaam alaykum.

Mliponialika mlinitaka nizungumze juu ya safari yangu ya Ujerumani, na najua wengi wenu mlitarajia kusikia habari za Berlin au Hamburg. Naomba radhi, kwani miji hiyo niliipita tu. Siku nane nilizojaaliwa nilizimalizia katika mji wenye watu wapatao 25,000, uitwao Rudolstadt, katika jimbo la Thüringen, ukingoni mwa mto Saale. Niliuchagua kwa sababu moja. Bi Salme, binti wa Sultan Said wa Unguja, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni tarehe 30 Agosti 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka uliofuata na mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, aliishi katika mji huo kwa muda baada ya kuwa mjane. Sisi habari zake tunazisomesha mpaka zinapofika bandarini; meli ikishang'oa nanga, tunafunga kitabu. Mimi nilitaka kuuona mji uliompokea mwanamke mwenye watoto watatu wadogo, ambaye mumewe alifariki kwa ajali ya tramu mwaka 1870 na kumwacha katika nchi asiyokuwa na jamaa yake hata mmoja.

Nilichojifunza ni kwamba mji mdogo hauonekani kwa macho ya abiria. Ukishuka kwenye treni asubuhi na kupanda nyingine jioni, utaondoka na picha za mapaa mekundu, basi. Kwa hiyo nawaomba wale mtakaobahatika kwenda huko kwa masomo au kwa matembezi mchague mji mmoja wa namna hii, mkae humo wiki nzima, na mtembee kwa miguu.

Njia ya kufika haina taabu. Ukishafika Jena, unapanda treni ya mkoa inayofuata bonde la Saale kuelekea Saalfeld, na baada ya kama nusu saa uko Rudolstadt. Nashauri mtu aketi dirishani upande wa kushoto, kwa sababu karibu na mji wa Kahla huonekana ngome ya Leuchtenburg juu ya kilima chake, ikiwa peke yake kama jahazi lililokwama juu ya wimbi. Kituo cha Rudolstadt kiko karibu na mto, na ukitoka nje tu unaliona kasri la Heidecksburg limekaa juu ya mji, kiasi cha mita 60 kutoka uwanja wa soko.

Hapo chini niliposimama na mizigo yangu ndipo nilipoanza kumfikiria Bi Salme. Mtoto aliyekulia Mtoni na Beit al-Sahel, katika nyumba zenye mamia ya watu, alikuja kuishi katika mji ambao kila siku, akienda sokoni au kanisani, aliliona juu yake kasri la watu wengine. Watawala wa ukoo wa Schwarzburg-Rudolstadt walikuwa bado wamo humo. Nchi yao ilikuwa ndogo sana, nayo ilidumu mpaka Novemba 1918, alipojiuzulu Günther Victor, ambaye ni miongoni mwa watawala wa mwisho wa Ujerumani kuachia kiti.

Kasri lenyewe tulionalo leo ni matokeo ya moto. Mwaka 1735 sehemu kubwa iliungua, na miaka iliyofuata ikajengwa upya kwa mtindo wa wakati ule wa mapambo mengi ya kupindapinda, ambao wenyewe wanauita rokoko. Ukumbi mkuu wa karamu ndio fahari ya nyumba nzima. Nilikaa humo karibu saa nzima nikitazama mapambo ya lipu, nikayakumbuka mashubaka ya nyumba zetu za Mji Mkongwe, jinsi fundi wa hapa alivyokuwa akiichonga lipu kabla haijakauka ili taa na vyombo vya kauri vipate pa kukaa. Ufundi wa lipu ni mmoja kila mahali, ni kazi ya kushindana na wakati.

Hapa, ndugu zangu, nilihuzunika, na siwezi kuificha huzuni hiyo. Beit al-Ajaib, kasri letu la hapa Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili. Heidecksburg ni kongwe kuliko Beit al-Ajaib kwa zaidi ya karne moja, imesimama juu ya mlima wenye theluji na mvua, na imepita katika ufalme, jamhuri, utawala wa Hitler, nchi ya kisoshalisti na jamhuri ya sasa. Leo ni makumbusho. Nilipotembea uani nilikuta mafundi wamesimamisha majukwaa kwenye ukuta mmoja, na walipokuwa wakila chakula cha mchana niliwauliza watamaliza lini. Mmoja, mtu mzima wa makamo, alinijibu kwa upole kwamba kazi ya nyumba kama ile haina mwisho, wakifika pembe ya mwisho watakuwa wamechelewa kurudi pembe ya kwanza. Hakusema kwa kulalamika. Alikuwa akinieleza ajira yake.

Mjini chini, vichochoro vina nyumba za fremu za mbao ambazo watalii huzipenda sana kuzipiga picha. Nyumba moja ya kichochoro cha nyuma ilikuwa ikitengenezwa, na lipu ya nje ilikuwa imebanduliwa. Nikasogea. Ndani ya fremu ya boriti nene mlikuwa na fito zilizosimamishwa na kusukwa, na juu yake udongo uliochanganywa na majani makavu, umekandikwa kwa mkono mpaka alama za vidole zikabaki. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Mtu yeyote aliyekulia shamba, Makunduchi au Wete, anaijua nyumba hiyo. Tofauti ni unene wa boriti na chokaa ya juu. Sikuwahi kusoma popote kwamba nyumba hizo za Kijerumani zinazotiwa kwenye kalenda ni nyumba za kukandika. Nilihitaji kutembea na kuuona ukuta ulio uchi.

Anayetaka kuziona nyumba za namna hiyo kwa ndani aende katika bustani ya mji, palipohamishiwa nyumba za zamani za wakulima wa Thüringen zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ni miongoni mwa makumbusho ya mwanzo ya uwanja wa wazi nchini Ujerumani. Humo mna vyombo vya mganga wa miti shamba wa kijijini, chupa, vinu na mizani, kwani milima ya nyuma ya Rudolstadt ilikuwa maarufu kwa dawa za mafuta na mizizi, na wachuuzi wake walizibeba mgongoni kwenye mabweta ya mbao na kuzitembeza nchi za mbali.

Habari za washairi nitazipita haraka, ingawa wenyeji hujivunia sana. Katika nyumba moja ya Rudolstadt, tarehe 7 Septemba 1788, Goethe na Schiller walikutana ana kwa ana na kuzungumza kwa mara ya kwanza; siku hiyo hawakuelewana sana, na urafiki wao uliotajika ulisubiri mpaka mwaka 1794. Schiller alirudi mara kwa mara kwa sababu nyingine, naye akamwoa binti wa nyumba hiyo, Charlotte von Lengefeld, mwaka 1790. Nyumba sasa ni makumbusho na inafaa kutembelewa siku ya mvua.

Nilivutiwa zaidi na matofali ya kuchezea. Kuanzia miaka ya 1880, kiwanda cha Richter mjini Rudolstadt kilitengeneza vijitofali vya watoto kwa mchanga, chokaa na mafuta ya kitani, vya rangi tatu: nyekundu kama tofali la kuchoma, manjano kama jiwe la mchanga, na buluu kama vigae vya mwamba vya mapaa ya huko. Waliovumbua mchanganyiko huo ni ndugu wawili, Otto na Gustav Lilienthal, na huyo Otto ndiye yule aliyekuja kujulikana dunia nzima kwa kuruka angani kwa mabawa aliyoyaunda mwenyewe. Vijitofali hivyo viliuzwa nchi nyingi, kazi ikaja ikakoma, na mwaka 1995 ikaanza tena mjini humohumo. Nilinunua sanduku dogo. Ukikishika kimoja mkononi kinakuwa kizito na baridi, kama jiwe kweli, na kikigongana na chenziwe hutoa mlio wa kigae. Mjukuu wangu hajakubali kuchezea kitu kingine tangu nimrudie nacho.

Matofali hayo yananipeleka moja kwa moja kwa mtu ambaye walimu wote mliomo humu mnamfanyia kazi, mkijua au msijue. Kilomita chache magharibi ya Rudolstadt uko mji mdogo zaidi, Bad Blankenburg, na hapo ndipo ilipoanzia chekechea. Friedrich Fröbel, mtoto wa mchungaji, alizaliwa mwaka 1782 katika kijiji cha Oberweißbach, juu milimani. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mchanga. Akakua mpweke, akafundishwa kazi ya misitu, akawa mwalimu. Mwaka 1817 alihamishia shule yake kijiji cha Keilhau, karibu kabisa na Rudolstadt. Miaka 20 baadaye akafungua Blankenburg nyumba ya kulea watoto wadogo kwa michezo na kazi za mikono. Inasimuliwa kwamba jina la nyumba hiyo lilimjia akiwa njiani kwa miguu, akivuka kilima kwenda Blankenburg, alipoliona bonde lote limelala mbele yake kama bustani. Akaiita bustani ya watoto, na mwaka 1840 jina hilo likatangazwa rasmi.

Nilikipanda kilima hicho. Sidai kwamba nilisimama mahali palepale, lakini bonde ni lilelile, na jina linaeleweka ukiwa umeshika mti kwa kuchoka na chini yako unaona viunga, mabustani na moshi wa nyumba. Katika makumbusho yake, ndani ya nyumba ya zamani ya Blankenburg, wameweka vifaa alivyoviita zawadi: mpira wa sufu wenye uzi, tufe la mti, mche wa duara, na mchemraba unaogawanyika vipande vinane. Mtoto huanza kwa kitu kizima, akakipasua, akakihesabu, kisha akakirudisha kizima. Walimu wangu, mimi nilifundisha kwa zaidi ya miaka 30 na sijawahi kuona hesabu ya sehemu ikielezwa kwa uwazi kuliko mchemraba ule.

Tujue pia kwamba jambo hilo jema lilipigwa marufuku. Mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizifunga chekechea zote katika himaya yake, ikidai zinafundisha ukafiri na siasa za kijamaa. Fröbel alifariki mwaka uliofuata bila kuiona marufuku hiyo ikiondolewa. Iliondolewa mwaka 1860. Nilipokuwa nikisoma hayo ukutani, nilimkumbuka tena Bi Salme, ambaye katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886 anaeleza jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri utotoni mwake, kwa kuwa mabinti walifunzwa kusoma tu, na jinsi alivyotumia mfupa wa bega la ngamia badala ya ubao, akinakili herufi za msahafu. Mwanamke huyo, aliyeuiba ujuzi wa kalamu, alikuja kulea watoto wake mwendo wa saa moja na ushei kwa miguu kutoka mahali ilipozaliwa chekechea. Katika kitabu hichohicho hakuzisifu ovyo shule za Ulaya. Alizipima na za kwao, akaona kasoro za huku na za kule. Ningependa wanafunzi wetu waisome sura hiyo kwa makini.

Kutoka upande wa Blankenburg, bonde la mto Schwarza huingia milimani, na reli ndogo huufuata mto huo. Kijijini Schwarzburg kuna magofu ya kasri jingine la ukoo uleule. Tarehe 11 Agosti 1919, Rais Friedrich Ebert, akiwa likizoni hapo, alitia saini katiba ya jamhuri ya kwanza ya Ujerumani. Mwaka 1940 serikali ya Hitler ililitwaa kasri na kuanza kulibomoa ili walifanye nyumba ya wageni wa dola, kisha mwaka 1942 wakaliacha nusu magofu. Kilomita nyingi hazipiti tena, na ukifika karibu na Weimar utakuta Buchenwald, kambi walimoangamia watu wapatao 56,000 kati ya mwaka 1937 na 1945. Nilikwenda huko siku ya sita. Mwalimu wa historia hana haki ya kutembelea makasri ya nchi hiyo akaikwepa kambi hiyo, na zaidi ya hapo sitasema leo kwa sababu pana staha yake.

Mbele kidogo ya Schwarzburg, kituo cha Obstfelderschmiede, ipo reli ya mlimani iliyofunguliwa kwa abiria mwaka 1923. Behewa huvutwa kwa kamba ya chuma kupanda kilomita 1.4, na kwa dakika 18 unakuwa umepanda zaidi ya mita 320. Wakati behewa lako linapanda, jingine linashuka, yakipishana katikati. Angalizo moja: nilikwenda siku ya Jumapili bila kutazama ratiba ya mabasi ya vijijini, nikakuta kituo kitupu na duka limefungwa. Bibi mmoja mzee aliyekuwa akimwagilia maua dirishani alinionyesha njia ya msituni, nami nikatembea saa mbili mpaka kwenye treni. Njia ilikuwa nzuri, lakini chukueni maji na mkate, kwani Jumapili Ujerumani maduka hufungwa karibu yote.

Saalfeld, kilomita kumi hivi kusini, ina mapango yaitwayo Feengrotten. Yalikuwa machimbo ya mwamba wa shabu, yaliyoachwa katikati ya karne ya 19, na maji yakaendelea kudondoka gizani bila mtu, yakibeba madini na kuyapanga tone baada ya tone. Yalipofunguliwa kwa wageni mwaka 1914, kuta zilikuwa za rangi ya kahawia, kijani, buluu na manjano. Unapewa joho la kujikinga na matone, na unashuka kimya. Mashapo yale yamekua haraka kuliko ya mapango ya chokaa tunayoyajua sisi, kwa kuwa ni ya madini laini, na ndiyo maana mwongozo anawasihi watu wasiguse.

Kuhusu chakula, wenzangu Waislamu wajue kwamba soseji ya kuchoma ya Thüringen, inayonukia kila pembe ya soko, kwa kawaida huwa na nyama ya nguruwe. Ulizeni samaki wa mito ya milimani, anayeitwa Forelle, na ulizeni madonge ya viazi. Mama mwenye nyumba niliyofikia alinifundisha madonge hayo jikoni mwake. Theluthi mbili za viazi hukunwa vikiwa vibichi, vikatiwa katika kitambaa na kukamuliwa kwa nguvu zote, hasa kama tunavyokamua tui. Maji yake hayamwagwi. Huachwa yatulie mpaka wanga ukae chini, nao hurudishwa. Theluthi iliyobaki ni viazi vilivyochemshwa na kupondwa, vikamiminwa vingali moto juu ya vile vibichi na kukorogwa mara moja. Katikati ya kila donge hutiwa vipande vya mkate uliokaangwa, kisha madonge yote hutumbukizwa katika maji ya moto yasiyochemka, kwani yakichemka hupasuka. Nilipokamua kile kitambaa aliniuliza nani kanifunza, nikamjibu ni mama yangu, kwa nazi.

Wakati mzuri ni kuanzia Mei mpaka Septemba. Wikiendi ya kwanza ya Julai mji hujaa wanamuziki wa mabara yote kwa tamasha lililoanza mwaka 1955 kama sherehe ya ngoma za Kijerumani. Wakati huo pa kulala hupatikana kwa shida. Na mtu asiishie katikati ya mji. Tembeeni mpaka Schwarza na Volkstedt, pembezoni, mtakuta majumba ya ghorofa ya zege yaliyojengwa wakati wa Ujerumani ya Mashariki. Mtoto wa Kikwajuni akisimama hapo atadhani yuko kwao, na hatakosea, kwa sababu nchi hiyohiyo ndiyo iliyotusaidia kujenga nyumba zetu za Kikwajuni baada ya Mapinduzi ya 1964.

Siku ya mwisho nilirudi Jena kwa treni ileile ya bonde la Saale. Baada ya Rudolstadt, Bi Salme aliishi Berlin na kwingineko, akaja Unguja mara mbili, mwaka 1885 na 1888, bila kupatana na ndugu zake, akakaa miaka mingi Beirut na Jaffa, na uzeeni akarudi Ujerumani. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na umri wa miaka 79. Nilitembea ukingoni mwa mto mpaka jua lilipozama, maji yaleyale yaliyopita chini ya Heidecksburg asubuhi yake. Alizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, kando ya mumewe. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake palikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, alichokihifadhi miaka yote, nacho kikatiwa kaburini pamoja naye.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.